Yai Halina Shingo

Ilitokea, na kama haikutokea basi inaendelea kutokea, katika nchi moja ambayo jina lake hubadilishwa kila sikukuu ya taifa, kwa hiyo tusijisumbue kulikariri. Nchi yenyewe ni nzuri tu. Ina mito, ina milima, ina Mlezi wa Taifa, na ina picha ya Mlezi wa Taifa, shingo ndefu ya makunyanzi nje ya kola, katika kila nyumba, kila duka na kila choo cha stendi. Sheria inasema penye paa pawe na picha. Wananchi wapenda amani hutundika picha kwanza, ndipo wakaezeka.

Katika nchi hiyo alikuwepo mama mmoja aitwaye Sikudhani, mpishi wa shule ya bweni. Siku moja shule ilipandishwa hadhi, ikawa shule isiyotoa chakula, na Sikudhani akapunguzwa kazini. Kiinua mgongo alilipwa kwa mabati, maana hazina ilikuwa imekauka lakini bohari ya wizara ilikuwa na mabati ya mradi ambao ulizinduliwa mara nyingi bila kujengwa. Wenzake waliyauza ya kwao njiani, kabla hata ya kufika nyumbani. Sikudhani hakuuza. Maisha yalikwisha kumpiga makofi ya kutosha, akajua kwamba kitu ulichopewa na serikali ukikilaza chini kitaokotwa na serikali. Aliyabeba mpaka nyuma ya nyumba yake, akasimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika udongo, akaezeka banda la kuku. Halafu akatundika picha.

Banda lilipendeza. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Mtendaji wa kata, Bwana Kilongola, wakati huo hakuwa na ofisi. Ile ya zamani ilibomolewa kupisha barabara ya kwenda ofisini kwake. Alikuwa anafanyia kazi chini ya mwavuli, mihuri mfukoni. Siku udongo wa banda ulipokauka, Kilongola alifika akiwa amebeba kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona na kiti? Hapa hakuna msiba."

"Napima tu." Akakiweka kiti ndani ya banda, akakaa, akanyoosha miguu, akatazama dirishani. "Upepo upo. Meza itakaa hapa, wananchi watasimama pale."

"Hapo watakaa kuku."

"Kuku gani?"

Sikudhani akalitazama banda lake tupu. Ni kweli hakuwa amejua bado ni kuku gani.

"Sheria ya Mabanda unaijua," Kilongola alisema kwa upole, kama daktari anayekuambia habari za mguu wako. "Mvua za masika zikikatika, banda lisilo na kuku wa aina iliyoidhinishwa linakuwa mali ya taifa. Na taifa, kwa ngazi ya kata, ni mimi."

Akaondoka. Kiti akakiacha.

*

Tangu hapo Sikudhani hakutulia. Alikuwa akila amesimama. Akifagia uwanja hufika nusu, akauacha ufagio, akaenda kukitazama kile kiti, akarudi, akakuta ameshasahau nusu ipi imefagiwa. Mawingu yakifunga anashangilia, yakifunguka anashika kiuno. Hakuna mkulima katika nchi ile aliyewahi kuomba mvua kwa bidii kama yule mama asiye na hata shina la mchicha.

Wifi yake Somoe, dada wa marehemu mumewe, alikuja kumsaidia kufikiri. Somoe alikuwa mwanamke wa maneno mengi na huruma nyingi, ila maneno ndiyo yaliyotangulia kila mara.

"Fuga kuku wa nyama," alisema. "Unamlisha, unageuka, keshakua."

"Yule anakula kama ameajiriwa, wifi. Nikikosa pumba siku mbili, ananifia mikononi."

"Basi wa mayai."

"Wa mayai anataka dawa, anataka taa, anataka asishtuliwe. Kilongola akipiga chafya hapo, wiki nzima hatagi. Mimi mwenyewe sijawahi kubembelezwa hivyo, na kaka yako alikuwa mpole."

"Chotara je? Anataga, ana nyama."

"Haatamii. Kila kifaranga nikanunue. Nitakuwa nafuga au nafugwa?"

"Basi kuchi. Kuku mrefu, wa heshima."

"Anapigana."

"Na wewe hupigani?" Somoe alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Wifi, mume ulimchagua kwa siku moja. Kuku anakushinda?"

"Mume hakuhitaji kibali cha kamati."

Hapo alisema kweli. Katika nchi ile raia hachagui kuku. Raia hupendekeza kuchagua. Analeta wachache wa kila aina, kisha Kamati ya Uteuzi wa Koo za Kuku inakuja kuwakagua na kumjulisha raia ni aina gani aliyokuwa akiitaka. Sikudhani akauza kitanda cha wageni na sufuria kubwa za shuleni alizokuwa amezinunua chakavu, akakusanya kuku. Wa nyama, weupe, wakitembea kama wamevaa viatu vya kuazima. Wa mayai, wekundu, wenye macho ya kushtuka. Chotara. Kuchi jogoo na mkewe. Na mwisho kabisa, kwa kuwa mwuzaji alimwona amechoka, akamwongezea bure jogoo na matetea wa kishingo, wale kuku wa kienyeji wasio na manyoya shingoni, wekundu kuanzia kidevuni hadi kifuani kana kwamba wamenyolewa kwa adhabu.

"Hawa nao wa nini?" Somoe aliuliza.

"Wa bure."

"Nimeona. Hata sura zao ni za bure."

*

Kamati ikaja. Iliongozwa na watu wawili, na humo ndimo balaa lilimokaa. Wa kwanza alikuwa Kanali mstaafu Ndimbo, Mkuu wa Wilaya, ambaye alimwakilisha Mlezi wa Taifa katika eneo lote ambalo macho yake yaliweza kuona, na alikuwa na darubini. Wa pili alikuwa Dakta Lutengano, Mkurugenzi wa Koo za Ndege Wafugwao, ambaye aliiwakilisha Sayansi nchi nzima. Kilongola alikuja nyuma yao akiwa amebeba darubini ya mmoja na mwavuli wa mwingine.

Sasa, hata katika nchi isiyo na adabu mgeni huchinjiwa kuku, na nchi ile ilikuwa na adabu ya kupindukia. Huwezi kukagua kuku wa mtu kwa tumbo tupu. Ni dharau. Sikudhani akamchinja kuku mmoja wa nyama, akamwunga kwa nazi, akatandika mkeka, akanawisha wageni mikono. Bakuli likawekwa katikati, na juu kabisa ya minofu, kama kawaida, ikakaa firigisi.

Kanali akaitazama firigisi. Dakta akaitazama firigisi. Kila mtu anajua firigisi ni ya mkubwa.

"Karibu, Mheshimiwa Mkurugenzi," Kanali alisema, bila kuondoa macho kwenye bakuli.

"Hapana, karibu wewe, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya," Dakta alisema, mkono wake ukiwa tayari umeshavuka nusu ya njia.

"Kumbuka kwamba mimi ndiye mwenyeji katika wilaya hii."

"Mwenyeji hali firigisi. Anampa mgeni."

"Unataka kusema mwakilishi wa Mlezi hana haki ya firigisi?"

Mkono wa Dakta ukarudi. Mchuzi ukaanza kuganda pembeni.

"Tuikate katikati?" Sikudhani alipendekeza kwa nia njema.

Wote wawili walimgeukia kwa uchungu. "Tuikate," Kanali alirudia taratibu. "Halafu nusu ya kwanza anakula nani?"

Ikabidi achinjwe kuku wa pili, ili ipatikane firigisi ya pili. Akachinjwa mwekundu wa mayai. Firigisi yake ilikuwa ndogo. Hakuna aliyeitaka. Akachinjwa chotara, ya kwake ikawa kubwa kuliko zote, na ugomvi ukaanza upya kwa nguvu. Mpaka alasiri kamati ilikuwa imekagua kuku wote wa nyama, wote wa mayai na chotara wote, na Kilongola, ambaye cheo chake kilimruhusu kula miguu tu, alikuwa hawezi kuinuka.

Dakta alisoma matokeo akijichokonoa meno. Aina zote zilizokaguliwa, alisema, zina kasoro ya kimsingi: zina firigisi moja moja, hali ya kuwa uongozi wa nchi una ngazi nyingi. Serikali itaunda jopo la kutafuta kuku mwenye firigisi mbili zinazolingana. Kwa sasa mwombaji asubiri ukaguzi wa awamu ya pili.

"Na mvua je?" Sikudhani aliuliza.

"Mvua haiko chini ya wizara yangu," Dakta alisema.

*

Awamu ya pili walimaliza kuchi. Jogoo yule mrefu alipigana mpaka kwenye sufuria, mfuniko ukalazimika kukaliwa na Kilongola. Sikudhani alibaki na kishingo peke yao, na mawingu yalikuwa yakipungua kila siku, meupe, mepesi, ya kumcheka mtu. Kilongola alileta meza.

"Tuwachinje sisi wenyewe basi," Somoe alimshauri. "Tule, tulie, tumpe banda lake."

"Sili. Na silii."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitawapikia. Sijui kingine."

Awamu ya tatu ilikuja siku isiyo na wingu hata moja. Kamati ilikaa ndani ya banda lenyewe, kuzoea. Kilongola, ambaye sasa alijiona mwenye nyumba, alimkamata jogoo wa kishingo kwa mikono yake, akamlaza kwenye meza yake mpya, akashika kisu.

Yule jogoo hakupiga kelele. Aliinyoosha shingo yake tu, ndefu, tupu, nyekundu, yenye makunyanzi, akageuza kichwa pembeni, akamtazama Kanali kwa jicho moja, kwa utulivu na kwa masikitiko, kama baba aliyekosewa na wanawe.

Kanali akamtazama jogoo. Kisha macho yake yakapanda ukutani, kwenye picha. Yakashuka kwa jogoo. Yakapanda tena.

Dakta naye akapandisha macho. Kilongola akafuata, kisu kikiwa bado mkononi.

Hakuna aliyesema kitu. Ndivyo sheria kubwa kubwa zilivyotungwa katika nchi ile.

"Mtendaji," Kanali alinong'ona hatimaye. "Weka kisu chini. Polepole. Usikigongeshe."

"Huyu kuku," Dakta alisema, akikohoa, "kiafya hafai kuliwa."

"Unasema hana afya?" Kanali aliruka. "Ndani ya banda lenye picha, unasema hana afya?"

"Nasema ana afya kupita kiasi! Afya ya kudumu! Atatuzika sisi sote!"

"Ahsante. Hilo liingie kwenye kumbukumbu." Kanali alisimama, akajifunga vifungo vya koti. "Mama, aina hii imeidhinishwa. Kuna anayepinga?"

"Apinge nani?" Dakta alisema. "Mimi? Nimewahi kupinga lini?"

Walitoka kinyumenyume, wakiinama kidogo mlangoni. Kilongola alibeba meza kichwani na kiti begani. Jogoo akapiga mbawa, akaruka dirishani, akawika. Kanali, akiwa tayari yuko njiani, akasimama wima mpaka alipomaliza.

*

Mvua zikakatika, banda likabaki la Sikudhani. Na kishingo, jamani, ni kuku. Jua likiwaka wenzake wangeachama midomo, yeye anatembea. Anajitafutia wadudu, anaatamia mwenyewe, anatembea na vifaranga kama malkia. Banda likajaa.

Ila hakuna aliyenunua. Wateja walikuja, wakashika kuku, wakapima uzito kwa mkono, halafu wakafikiria kisu, halafu wakafikiria shingo, wakamrudisha chini taratibu na kumwomba radhi. Sikudhani akawa mama mwenye kuku wengi kuliko wote katika kata, na mwenye njaa sawa na wengine.

Siku moja Somoe hakuweza kuvumilia. Alikaanga yai. Harufu ilimfikia Kilongola chini ya mwavuli wake, na kabla yai halijageuzwa, Somoe na kikaango chake walikuwa mbele ya Kanali. Sikudhani alikimbia nyuma yao, kiatu kimoja mguuni, kingine alikiacha njiani.

"Amekaanga," Kilongola alishtaki. "Tena kwa kitunguu."

"Yai lilikuwa limelala tu hapo," Somoe alijitetea. "Nikaliamsha."

"Nyamaza, wifi," Sikudhani alisema kwa meno yaliyofungwa.

Dakta Lutengano aliitwa. Alikitazama kikaango kwa muda mrefu sana. Wote walijua kinachopimwa. Yai likiwa la hatia, banda limekwisha na Somoe pia. Sikudhani alihamisha uzito kutoka mguu wenye kiatu kwenda mguu usio na kiatu, akarudi, akaenda.

Hatimaye Dakta aliinua uso, nao uling'aa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Yai," alisema, "halina shingo."

Kanali alifikiri. Akafikiri tena, kutafuta mtego. Hakuuona. "Halina shingo," alikubali. Na kwa kuwa ushahidi ulikuwa ukipoa, wakaula.

Tangu hapo mayai ya Sikudhani yaliuzwa hadi wilaya za jirani. Aliweza kununua kitanda kingine. Angeweza hata kulala juu yake, kama si tabia aliyoianza ya kukaa ameweka sikio redioni. Kuku wake walikuwa wanaishi kwa shingo ya mtu mmoja, na yule mtu, kila akihutubia, alikuwa anakohoa.

*

Asubuhi moja redio haikusoma habari. Ilipiga bendi ya jeshi. Sikudhani alikuwa anamwaga pumba uwanjani. Mkono ukakwama hewani.

Bendi iliponyamaza, sauti mpya ikatangaza kwamba Mlezi wa Taifa amekubali kupumzika, kwamba sasa yupo Mkombozi wa Taifa, na kwamba alama zote za utawala wa jana zisionekane tena juu ya ardhi.

Ng'ambo ya uzio, Kilongola alikuwa ameshaanza kupiga kelele. "Mama! Bandika maji! Waheshimiwa wanakuja kukukomboa! Wote! Mpaka vifaranga!"

"Waheshimiwa gani?"

"Wale wale!"

Somoe alifika mbio kutoka stendi, anahema, amekumbatia karatasi iliyoviringishwa. Picha mpya zilikuwa zimeshaanza kuuzwa kabla bendi haijamaliza wimbo.

"Wifi, wametoka na masufuria! Nimewaona! Kanali amebeba la kwake mwenyewe!"

"Kavaa nini?"

"Kanali?"

"Mkombozi! Hebu fungua picha. Kavaa nini?"

Somoe aliifungua. Mtu mnene, hana shingo ya kutazamwa, na hata angekuwa nayo isingeonekana. "Skafu," alisema. "Ya kijani. Kaizungusha mpaka masikioni, na joto hili lote, sijui anaumwa?"

Sikudhani aliingia ndani. Alitoka na kitenge cha kijani, kile alicholetewa na mumewe safari yake ya mwisho, ambacho hakuwahi kukivaa kwa kuogopa kitachuja. Somoe alikitambua.

"Wifi, hicho cha kaka."

"Kaka yako alinipenda na nguo na bila nguo. Shika pindo."

Wakakichana. Wakakimbizana na kuku uwanja mzima, wakiwafunga shingoni, fundo mbele, ncha mbili zikining'inia. Jogoo mkubwa alifungwa wa mwisho. Aliinama, akajitazama, akatulia.

Kamati iliingia na masufuria, na beji mpya kifuani. Kanali alikuwa amenoa kisu hadi kinang'aa. Alimkamata tetea wa kwanza, akamwinua, akatafuta shingo.

Akakuta skafu.

Akageuka, akatazama banda zima. Skafu. Kijani hadi pembeni. Juu ya mlango picha mpya, gundi yake bado inatiririka.

"Mama," Kanali alisema. "Hawa ni..."

"Mimi sijasema kitu, Mheshimiwa."

"Hapana, hapana. Hata sisi hatujasema." Akamshusha tetea kwa mikono miwili, akamnyooshea fundo. "Dakta, umesema kitu?"

"Mimi nilikuwa nawapongeza tu. Afya nzuri. Afya ya kudumu."

Wakasimama na masufuria yao, njaa imewakaa usoni. Sikudhani hakuwa mtu wa kuacha mgeni aondoke bila kula, kwa hiyo aliwatandikia mkeka, akawanawisha mikono, akawawekea ugali na bakuli la maharage.

Kanali akatazama maharage. Dakta akatazama maharage. Hakuna aliyejua katika maharage mkubwa anakula lipi.

"Karibu, Mheshimiwa Mkurugenzi."

"Hapana, karibu wewe kwanza."

Sikudhani aliwaacha hapo, akaingia ndani kuongeza sauti ya redio. Kando yake kilikuwepo kikapu, na ndani ya kikapu vipande vya nguo: chekundu, cheupe, cha madoadoa, cha maua maua. Mpaka leo watu humwendea kumuuliza wafuge kuku gani, naye huwajibu bila kuondoa sikio redioni. Kishingo, husema. Anavumilia jua, anaatamia mwenyewe, hali sana. Shida yake ni moja tu: anataka nguo za kubadilisha.